Kibao cha Hamsini pale Kisogoni

Jumatatu, 8 Julai 1996

Tumekamatwa kwa mwendo kasi. Sisi! Land Rover ya parokia, ile ambayo ikipanda mlima hata ng'ombe wanaipita.

Tulikuwa tunatoka Mpanda, mimi na dereva wetu Melkior, chanjo za zahanati nimezipakata kwenye sanduku la barafu. Kuingia Kisogoni, mteremko wa darajani, trafiki akachomoka nyuma ya kichuguu. Mkono juu. Kumbe ni Koplo Ponsian, ambaye mke wake nilimzalisha mimi mwaka jana. Kanisalimia vizuri tu. Kauliza habari za kazi. Halafu akamwambia Melkior mwendo umezidi.

Melkior akauliza, umejuaje? Basi wako wawili. Mwenzake amekaa juu kwenye kona, gari likipita anapunga tawi. Huyu wa chini anaangalia saa yake ya mkononi. Ndiyo mashine yao hiyo!

Na kibao cha mwendo kiko wapi? Hakuna kibao. Ipo nguzo tu, imelala kwenye majani siku nyingi. Ponsian akasema kibao kiwepo kisiwepo, kwenye makazi ya watu mwisho ni hamsini. Nikajua ataandika ile karatasi ya faini twende zetu. Wapi! Siku hizi ni mahakamani moja kwa moja, amri ya mkubwa wake wa Mpanda. Leseni imebaki. Gari limebaki — ni kielelezo, eti.

Tumerudi juu ya trela la trekta, tumekalia magunia ya mpunga. Barafu ilikuwa maji matupu. Chanjo nimezirudisha kwenye friji, lakini moyo unakataa kuziamini.

Jumanne, 9 Julai

Kliniki ya wajawazito. Wengi. Minza alikuja wa mwisho, amechoka, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Wao wanakaa huko mbugani na ng'ombe wao, mwendo wa asubuhi nzima.

Huyu ndiye ananinyima usingizi. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa operesheni, walipokuwa bado Shinyanga. Wa pili alimzalia nyumbani, akafa tumboni kabla ya kutoka. Sasa huyu wa tatu, na kovu lile lile. Uchungu ukimwanzia huku, kovu likiachia, mimi nina nini? Glavu na dripu.

Nimembembeleza mumewe, Manyanda, tangu mwezi wa nne. Akae Mpanda kwa ndugu, karibu na hospitali, asubiri siku. Hataki. Nani atakamua, nani atapika? Mwishowe tulikubaliana hivi: tarehe 22 nampeleka mwenyewe na gari la parokia. Alikubali kwa sababu ya gari.

Leo nimemwambia Minza gari limekamatwa. Aliinama akafunga kanga yake upya. Akauliza kwa sauti ndogo, sasa nesi, nimwambieje?

Nilimwambia litakuwa limetoka. Jamani.

Jumatano, 10 Julai

Padre kaenda Kisogoni na pikipiki. Karudi mikono mitupu. Alikuwa tayari kulipa faini yoyote, wamekataa. Kesi Alhamisi ya wiki ijayo.

Sawa. Alhamisi bado iko kabla ya tarehe 22.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekwenda mwenyewe kwa Ponsian. Baiskeli ya zahanati, mnyororo umetoka njiani mara sijui ngapi, gauni lote grisi.

Alikuwa kwenye kivuli cha kituo, shati lake jeupe limenyooshwa utadhani anakwenda kuoa. Mke wake akaniletea uji, mtoto mgongoni. Amenenepa yule mtoto! Nilimbeba kidogo. Halafu nikasema shida yangu: nina mama mwenye kovu, nahitaji gari siku moja tu, nitalirudisha hapa hapa.

Akasema, dada Hilaria, unafikiri mimi napenda? Mwezi wa tano lori la mpunga lilimgonga binti hapo darajani, ametumwa maji. Nilimwokota kwa mikono hii. Wananchi walikuja hapa na mawe, wakasema polisi tunakula na madereva. Ndipo mkubwa akatoa amri: kila gari, mahakamani, asisamehewe mtu. Nikikutolea wewe, kesho nimefukuzwa.

Nikamwambia Melkior hakugonga mtu. Akasema najua.

"Najua, dada. Lakini gari nimeshaliandika."

Kinachonikera ni kwamba siwezi hata kumchukia. Ningemchukia ningepata nguvu ya kukanyaga baiskeli kurudi.

Jambo jingine. Njia nzima sikupishana na lori hata moja. Mama mmoja mwenye genge la mboga kaniambia malori yanakwepa Kisogoni sasa, yanazungukia njia ya porini, na yanayopita hapa hayasimami hata ukipunga kanga nzima. Wanaogopa. Kwa hiyo lifti nayo imekufa. Liko basi, lakini lile likija leo halijulikani litakuja tena lini, na likija limejaa hadi mlangoni. Manyanda hawezi kumpandisha mke wake humo, alishaniambia.

Jumapili, 14 Julai

Kibao kimepatikana!!

Melkior alikwenda Kisogoni kumwona shemeji yake. Wakapita kwa Bibi Capitoline, muuza pombe. Bibi anafunua pipa amchotee — mfuniko ni bati la duara, ukingo mwekundu, katikati 50! Melkior anasema alitaka kumkumbatia bibi wa watu.

Alimuuliza amekipata wapi. Bibi akasema alikikuta mtaroni baada ya mvua, miaka miwili sasa, naye hajui kusoma. "Bati zuri, mwanangu. Nzi hawapiti."

Miaka miwili! Basi hata binti yule alipogongwa, dereva yule naye hakuwa na kibao mbele yake. Kesho Melkior anakipeleka kituoni kama ushahidi. Nimecheka leo, mara ya kwanza wiki hii. Nimesali pia.

Jumatatu, 15 Julai

Bibi Capitoline yuko mahabusu.

Melkior alipeleka kile kibao asubuhi, kwa nia njema kabisa. Yule askari wa tawi akauliza kimetoka kwa nani. Melkior akasema ukweli. Baada ya saa moja wakamleta bibi na pipa lake. Kosa: kupatikana na mali ya serikali.

Melkior amekaa jikoni kwangu jioni hii, hali, hanywi. Kila mara anarudia: nilitaka tu wakione. Nilitaka tu wakione.

Nimempelekea bibi blanketi kupitia kwa mtu anayekwenda kule. Mwanamke mzima, wajukuu, analala kwenye sementi.

Jumanne, 16 Julai

Kliniki. Minza hakuja. Pengine amechoka tu. Njia ni ndefu.

Jumatano, 17 Julai

Mwalimu Simon alipita Kisogoni leo. Anasema ameona kwa macho yake: nguzo imesimamishwa, kibao kimefungwa juu, wamekiosha kwa sabuni. Ponsian ndiye anachimba shimo, jasho linamtoka. Mwalimu alimtania, naona mnapanda mti. Aliendelea kuchimba.

Kesi ni kesho.

Alhamisi, 18 Julai

Sijui niandike nini kwanza.

Mahakama ya Kisogoni ilijaa. Melkior alivaa suti ya Padre, mikono imemzidi. Akaeleza vizuri kabisa, bila hasira: hapakuwa na kibao, kibao kilikuwa kwa bibi, bibi mwenyewe yuko humu humu, aulizwe. Bibi Capitoline akainuka pale kwenye benchi akasema kweli kilikuwa kwake. Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

Akasema, twende tukaone mahali penyewe. Tukatoka wote kwa miguu, hakimu mbele, watoto nyuma. Darajani — kibao hicho hapo! Kimesimama wima kinang'aa. Hakimu akakitazama. Akasema, mbona kipo?

Melkior akapaza sauti, mheshimiwa, sementi bado mbichi, iguse!

Hakimu akasema hakuja kupima sementi.

Nilimtazama Ponsian. Alikuwa anatazama mtoni.

Imeahirishwa mpaka tarehe 1 Agosti, kwa sababu yule wa tawi, ambaye ni shahidi, amepelekwa kozi jana. Jana! Gari libaki. Leseni ibaki. Bibi amepata dhamana, ndilo jema pekee. Alinishika mkono nje akaniambia, nesi, usilie, mimi nimezeeka, hawana cha kunichukua. Kumbe nilikuwa nalia. Sikujua.

Niliwaza kusimama mbele ya hakimu niseme habari ya Minza. Niliinua mkono hata. Karani akanikazia macho, akasema shauri hili halina nesi.

Ijumaa, 19 Julai

Nimemtuma mtu mbugani kwa Manyanda: msisubiri tarehe 22, mleteni sasa, mbebeni kwa chochote. Tutatafuta njia.

Njia gani, sijui. Padre ameomba gari kwa watu wa kampuni ya pamba. Bado hawajajibu.

Jumamosi, 20 Julai

Kisogoni, kando ya barabara. Jua kali.

Naandika kwa sababu siwezi kukaa nikitazama barabara tu, na kalamu angalau inaipa mikono kazi.

Manyanda alimleta alfajiri na mkokoteni wa ng'ombe. Uchungu ulimwanzia juzi! Juzi, naye amejikaza, hakusema, akiogopa kumsumbua mumewe. Nilipomgusa tumbo, pale kwenye kovu, alinishika kifundo cha mkono akakibana. Nikaona nisimguse tena. Nikafunga dripu, tukageuza ng'ombe kuja huku, kwa sababu gari letu liko huku. Melkior aliongoza, Manyanda anasukuma nyuma. Njiani Minza alisema mara moja tu, "Mayu," akimwita mama yake.

Kituoni Ponsian yuko peke yake. Alipochungulia kwenye mkokoteni uso wake ulibadilika. Nilijiandaa kupiga magoti. Haikuhitajika! Kasema lichukueni, chukueni gari, nitajua mwenyewe. Funguo ziko Mpanda kwa mkubwa. Melkior akasema hakuna neno, nitaunganisha waya. Akafungua boneti.

Betri hakuna. Wameing'oa. Ponsian ameapa mbele ya Mungu hajui ni nani. Alipiga teke tairi, halafu akakaa chini kwenye vumbi na shati lake jeupe.

Redio ya kituo kaijaribu. Inakoroma tu.

Basi akatoka barabarani. Akasema atalisimamisha lori lolote, kwa nguvu, lipeleke Mpanda. Ndiyo kazi yake, kusimamisha magari. Tumesogeza mkokoteni mpaka hapa ukingoni. Dripu imeshikwa na Manyanda, ameinua mkono kama mtu anayeapa.

Lori la kwanza limekuja. Ponsian kasimama katikati, mkono juu, anapiga filimbi. Dereva kamwona kwa mbali — tumesikia anabadili gia. Hakupunguza. Kaongeza! Ponsian karuka pembeni. Vumbi lote limetumwagikia, nimemfunika Minza uso kwa kanga yangu.

La pili vile vile. Melkior kakimbia nyuma yake anapiga kelele, mgonjwa! mgonjwa! Utingo juu ya magunia kamcheka, kampungia mkono.

Minza ananiuliza kama limepita. Nimemwambia linakuja jingine. Maji ya dripu yanakwisha. Mapigo ya mtoto nimeyapata, nikayapoteza, nimeyapata tena, upande, dhaifu. Ng'ombe wanakula majani. Manyanda ananiambia, nesi, uliniambia gari. Hasemi kwa ubaya. Anauliza tu.

Vumbi jingine kule kwenye kona. Kubwa. Ponsian ameliona. Amesimama, anatazama nguo zake, anasema ni hizi wanazozikimbia. Ameitupa kofia majanini, filimbi pia. Sasa anavua shati, vifungo vinamshinda, amelichana — amebaki na singlendi iliyotoboka, kama mtu yeyote tu, na anatembea katikati ya barabara, mikono yote miwili juu. Naweka kalamu.