Kigelegele cha Wifi Kokulinda

Bujora, Kisesa,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Yeremia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, wifi Queen na Winnie wangu? Kifua chako je, baridi ya Songea imekiachia? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua, na mgongo huu ndio uliokubeba wewe, kwa hiyo sijui nimdai nani. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Huku jua linachoma kweli. Mashina ya pamba tumeng'oa na kuchoma, bado kipande cha kule kwenye mawe makubwa. Michembe ya viazi imekauka vizuri, nimekuwekea ndoo moja. Mvua zikianza tunaingia shambani, ndiyo maana ndugu yetu Nestory alikwenda mnadani kutafuta dume la kulimia, maana lile jekundu lilikufa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwani wewe uliambiwa nusu. Wiki ile wezi walikuwa wamechukua ng'ombe wa jirani yetu Shimba na kumkata panga mchungaji wake. Wanaume wa kitongoji walikuwa wamevimba kwa hasira. Jua likizama, Kokulinda yuko uani anatwanga, akamwona mumewe Nestory kwa mbali anashuka kilima na dume jeusi, pembe hizi! Akafurahi, akapiga kigelegele. Wewe hujawahi kumsikia shemeji yako. Ulimi wake hauchezi hata kidogo, ni sauti moja nyembamba inayopanda tu. Ukiisikia ukiwa nyuma ya mawe, na upepo wa ziwani unavuma, utaapa ni mwano, lile yowe la hatari. Na unajua mwenyewe, mwano ukilia kila mwanaume anatoka na silaha, asiyetoka anatengwa.

Hata Nestory alidhani ni mwano. Alijua mkewe anauawa. Akaachia kamba, akatimua mbio kuja nyumbani. Waliotokea nyuma yake wakaona nini? Mtu anakimbia, kamwacha njiani ng'ombe asiyejulikana. Shimba ndiye aliyemfikia kwanza. Rungu la kwanza lilitua mdomoni, ndiyo sababu hakuweza hata kutaja jina lake. La pili likavunja mkono, niliusikia ukikatika nami niko uani. Wengine wakafika na fimbo na mateke, vumbi limetanda, hakuna anayetazama anampiga nani. Yeremia, walikuwa wanamuua ndugu yetu karibu na kaburi la mama! Kokulinda akamlalia mumewe juu, wakampiga na yeye. Nikanyakua mchi wake, nikamtandika Shimba mgongoni mpaka akapiga magoti.

"Ni Nestory!" nilipiga kelele. "Mbwa nyie, mnamuua Nestory!"

Ndipo mikono ikashuka. Shimba alimgeuza, akamtazama uso, akaanza kulia kwa sauti. Mimi bado sijamwonea huruma. Namsalimia tu.

Kesho yake baba mdogo Ndalahwa akatuketisha. Akasema, "Huyu mwanamke na sauti yake atatumalizia watu. Nestory akipona, mkewe arudi kwao Kagera. Na kabla hajaondoka, asipaze sauti tena ndani ya boma hili." Na wewe ukapiga simu kumuunga mkono! Kokulinda alifunga nguo zake kwenye mfuko, akaendelea kumnywesha mumewe uji kwa kijiko.

Alhamisi iliyopita nilimpeleka Nestory hospitali kuangaliwa mkono. Nyumbani walibaki Kokulinda, anageuza michembe juani, na baba mdogo mlangoni anasokota kamba. Mbwa mwenye kichaa akaingia, mate yanamtoka, akamrukia mzee na kumng'ata paja. Mzee akapiga mwano mwenyewe. Sauti yake ya siku hizi unaijua, imebaki nyembamba. Akaita, akaita. Hakuna aliyekuja. Na walimsikia! Shimba amekiri mbele yangu. Walikuwa shambani wanachoma mashina, wakaisikia, wakacheka. Wakasema, "Aa, yule Mhaya tena, kaona ng'ombe."

Kokulinda hakupiga kelele, si alikatazwa? Alichukua jembe. Alipopiga mara ya kwanza mbwa akaachia paja, akamgeukia yeye, akamrarua kiganja. Kwa kiganja hichohicho akaendelea kupiga, mpaka lile jembe likawa linachimba ardhi. Nilimkuta ana damu hadi kwenye nywele, anamwosha mzee kidonda kwa sabuni. Sasa wote wawili wanachomwa sindano, wanapanda pikipiki moja kwenda kituo cha afya, mzee amemshika kiuno asianguke.

Jana baba mdogo aliutoa ule mfuko wa nguo, akaumwaga kitandani kwa mkono wake. Akamwambia, "Mwanangu, hapa huondoki." Kisha akanigeukia, "Mwandikie Yeremia." Basi nimekuandikia. Neno la kumrudisha lisikutoke tena mdomoni. Mchi bado ninao.

Lakini furaha yangu haijatimia, mdogo wangu. Amebaki, ila sauti hana. Kuku wakivamia michembe anawafukuza kwa mkono, kimyakimya. Nestory anamwomba kwa mdomo wake ule wa mapengo, apige kimoja tu, naye anatabasamu na kutikisa kichwa. Kimya hiki kinaniuma kuliko yale marungu.

Baba mdogo anawasalimu, Nestory pia, na Kokulinda anakusalimu wewe kwa jina, ujue. Mbusu Winnie, mwambie Queen kitambaa chake nimekipata. Mungu awafunike, awaepushe na mkono wa mtu mwenye hasira.

Krismasi njooni. Shuka kule barabarani, upitie upande wa mawe kwa miguu, Kokulinda akuone kwa mbali. Nimeshawaonya watu wa kitongoji kizima kwamba siku hiyo ile sauti ikisikika, mtu asiguse rungu. Na wewe ukifika mlangoni hujaisikia, usiingie kwanza. Simama hapohapo nje, umwombe msamaha.

Ni mimi dada yako, ninayekugombeza na kukupenda,

Evelina