Mukaba wa mashini na unga wa Mama Neema

Siku ya tatu ya juma, mangaribi

Minye sikupashwa kumusemesha Mama Neema vile, mbele ya wamama wote waliongojea kusaga.

Mukaba wa mashini ulikatika unga wake ukiwa ungali ndani. Nikapandisha sauti: "Mama, mihogo yako iko mibichi! Ona, umeniharibia mashini." Sisi wenye mashini ni hiyo tunasemaka kila kitu kikikatika.

"Papa, niliianika siku ine nzima," akajibu pole pole. Wengine wakacheka. Akabeba beseni yake, unga nusu tu, akaenda bila kumuangalia muntu.

Nikavalisha mukaba mupya. Ukakataa kukaa, ukawa unakimbilia pembeni. Kuinama, naona puli, lile gurudumu la mukaba, imelala upande: ile bulon, skurubu ya kuishika, niliyoilegeza juzi, sikuikaza tena. Ni minye niliyekata mukaba.

Unga uliobaki ndani nikaukomba, nikaupeleka nyumbani. Kinachobaki ndani ni cha mwenye mashini, ndiyo desturi. Hata sikufikiri.

Muke wangu akausonga bugali.

"Unga huu umeutoa wapi?" akauliza tukiwa tunakula. "Mihogo yake ilikauka vizuri sana."

Tonge lilikuwa lingali mukononi.