Mgolole wa Babu Ndani ya Furushi la Mchekeshaji

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatano

Baba,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, maana najua ndiye anayekusomea, wewe ukitazama dirishani kana kwamba husikilizi. Goti linaendeleaje na baridi hii? Njegere za bondeni zimepona? Sisi huku wazima, ila nguo hazikauki. Ukungu unashuka mpaka mlangoni kwangu, nami nakausha mashati ya watu kwa pasi ya mkaa, moja moja, siku nzima.

Sikupiga simu kwa sababu ningepayuka, na Mama angelia. Kwenye karatasi mtu anapata nafasi ya kumeza mate kabla ya neno linalofuata.

Baba, nina wivu. Wivu wa kukosa hamu ya kula. Mke wangu ananicheka, anasema mwanamume mzima anamwonea wivu mtu wa kwenye televisheni. Acha acheke.

Kazi yangu unaijua. Watu wenye majina wanaotoka Dar, waimbaji, watangazaji, wachezaji wa mpira, wakilala ile hoteli ya juu ya soko, nguo zao zinaletwa kwangu. Miaka tisa sasa. Na sikatai, nilikuwa najivuna. Kila nikija nyumbani, "fulani namfulia mimi," "fulani nimemtoa doa la divai." Wewe ulikuwa unaguna tu: "Haya, dobi wa wakubwa."

Ndiyo maana Mjomba, na uenyekiti wake wa kamati ya paa la kanisa, alinipigia mimi. "We si unawajua hao wa Dar? Tuletee mmoja awe mgeni rasmi kwenye harambee. Lakini awe mtu anayejulikana, siyo utuletee mtu wa kujieleza." Nikamfuata huyu mchekeshaji alipokuja Mbeya safari iliyopita, nikamwomba nikiwa nimemshikia koti lake. Akakubali. Akasema atapita hapo nyumbani Kilolo Jumamosi akiwa njiani kuja huku kwenye onyesho lake. Kwa hiyo ni mimi niliyemleta, Baba. Sijui kama kuna aliyelitaja hilo kanisani.

Nami nilikuwa nije. Nilishaazima hata viatu. Ijumaa watu wake wakatangulia hotelini na masanduku mawili ya nguo za jukwaani, zote zinyooshwe kabla ya Jumatatu. Nikabaki. Wakati mnampigia vigelegele, mimi nilikuwa nanyoosha suruali zake.

Jumamosi hiyo jioni picha ikaingia kwenye grupu la ukoo. Yeye katikati, wewe pembeni, bega lako tupu. Yeye amevaa mgolole wa Babu, shuka ya begani ya wazee wetu.

Mjomba ananieleza kama jambo la kusifiwa: eti ule mpya mliouagiza Iringa mjini ulichelewa, mgeni amesimama, mpiga picha ameshanyanyua kamera, ndipo ukauvua wa kwako ukamvika. Na kwetu kilichovikwa mgeni hakidaiwi. Hayo nayajua. Lakini najua pia siku Babu alipokuvika wewe, alipoona nguvu zimemwisha. Aliniita nisogee nitazame vizuri unavyofungwa, kwa sababu nawe utakuja kunivika mimi. Ulikuwepo. Ulisema "ndiyo, Baba."

Ile picha nimeikuza kwa vidole mpaka ikawa madoa matupu. Nilikuwa natafuta uso wako. Umecheka, Baba, meno yote nje. Mtu uliyemjua kwa saa tatu! Mimi nilipokuletea cheti cha kidato cha nne uliniuliza kama nimefunga zizi.

Jumatatu asubuhi likaja furushi kutoka hotelini. Soksi, fulana, taulo, na katikati yake mgolole, umeviringishwa, una mchuzi wa nyama kwenye pindo. Nilikaa chini. Nikaufua peke yake, kwa maji baridi na sabuni ya mche, nikautandaza chumbani kwetu nisije nikaonwa.

Mchana akaja mwenyewe, na meneja wa hoteli nyuma yake.

"Oya fundi, ile shuka ya yule mzee iko wapi? Usiku naingia nayo jukwaani. Nina kipande cha mzee wa Kihehe kalewa ulanzi anagombana na mbuzi wake. Watavunjika mbavu!"

Shuka ya yule mzee. Hakujua jina lako. Hakujua kwamba mzee huyo ni baba yangu. Nilishamwambia mara mbili.

Nikasema, "Imeungua."

"Imeungua?"

"Pasi ilizidi moto. Nisamehe, kaka."

Akanitazama kidogo, kisha akacheka. "Poa bwana, shuka tu hiyo. Nitatumia kitenge."

Yeye yalimwishia hapo. Meneja hayakumwishia. Dobi akiunguza nguo ya mgeni mkubwa ni kama mpishi kumlisha mtu jiwe, na mimi miaka tisa sijawahi kuunguza hata leso. Jana wameanza kupeleka nguo zao kwa dobi mwingine. Wenzangu hapa sokoni wananiita "Moto Mkali". Sijajitetea, kwa sababu nikijitetea itabidi niutoe.

Najua nilichofanya. Nimeiba kitu ulichokwisha kutoa mbele ya kanisa, na nimekuweka pabaya. Usiku wa jana niliujaribu begani mbele ya kioo. Nikauvua haraka. Haukunikaa, maana hakuna aliyenivika.

Naurudisha. Utafika kwa basi la kesho, barua hii ikiwa ndani ya mkunjo, Mjomba ataupokea stendi ya Iringa. Usimwambie kilichomo, amezidi mdomo. Ukiona ni haki ya mgeni, utamtumia Dar wewe mwenyewe. Mimi mkono wangu hautaweza.

Nisalimie Shangazi mkunga, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie sare yake ya kwaya naileta Pasaka. Mchungaji naye, ila usimwambie kitu. Mama, usimpunguzie maneno unaposoma hapa.

Baba, jambo moja tu nakuuliza. Ulipokuwa unaufungua pale begani, ulinikumbuka? Kama hukunikumbuka, niambie, nitakusamehe leo leo, mtu husahau watu wakimkodolea macho. Kama ulinikumbuka na bado ukauvua, basi usinijibu.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Lameki