Miaka Mitatu ya Goti la Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimetulia. Sisi huku hatujambo, ila mama ndiye sababu ya barua hii. Kwenye simu ningekata kabla sijafika mwisho, najijua.

Mama alibadilishiwa goti mwezi uliopita, kama ulivyosikia. Kidonda kimefunga vizuri, na yale maumivu ya kumtoa machozi yamekwisha. Lakini mguu haunyooki. Daktari wa mifupa alituketisha akatueleza kwamba goti lilikaa limepinda muda mrefu mno na misuli ya paja imenywea. Angepasuliwa alipopangiwa mara ya kwanza, leo angetembea bila mkongojo. Sasa atakuwa nao siku zote. Cherehani yake ya kukanyaga nimeifunika shuka. Anasema afadhali, alishachoka kuwashonea watu wanaonenepa kila wiki. Tulicheka, kisha akageukia ukutani.

Daktari aliuliza kwa nini tulichelewa hivyo. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu kwamba yeye ni mwoga, akisikia habari za kisu hulowa jasho. Daktari akaandika, nami nikanyamaza. Hata wewe ulimgombeza kwenye simu, ukamwambia ana kichwa kigumu. Hakujitetea. Alikujibu tu, "Haya baba, nimekusikia."

Kaka, mama hakuogopa kitu. Miaka mitatu iliyopita tarehe ilikuwa imepangwa, na mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari mlangoni. Mimi ndiye niliyemzuia. Pacha wangu walikuwa na miezi minane, baba yao ameshakwenda zake, na msimamizi kiwandani alikuwa amenionya kwamba nikikosa siku nyingine nisirudi. Siku mbili kabla, nilimwambia mama hospitali wamepiga simu, daktari ameona tungoje kidogo, maana goti la bandia nalo huchakaa. Maneno hayo niliyaokota kwa mgonjwa mmoja kwenye benchi. Daktari hakuyasema.

Hicho kidogo kikawa miaka mitatu ya mama kuwapandisha pacha hadi ghorofa ya tatu, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na kushuka kinyumenyume huku ameng'ang'ania chuma cha ngazi. Nilimwona. Jioni nilimchua goti, nikisema mwezi ujao tutakwenda.

Juzi, nikimsaidia mazoezi, nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Akaniambia alijua tangu wiki ile ile, kwa kuwa muuguzi alimpigia kumuuliza kwa nini hakufika.

"Sasa ungewaacha na nani?" aliniuliza. Kisha akaniagiza nihesabu mpaka kumi, anakunja mguu. Nilifika sita, sauti ikakatika. Akamalizia yeye.

Hajui kwamba nakuandikia. Tafadhali mpigie, umwombe radhi. Mimi unigombeze baadaye, nitakusikiliza mpaka umalize.

Msalimie wifi sana, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama hukuulizia kila siku, kama umekula.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba