Nafasi Yako Kwenye Ngoma ya Maji

Dada Mwanaidi, shikamoo. Hapa Mkunya ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na mimi nakuwaza wewe.

Ile ngoma niliyokuwa nikiwauliza mabibi nyumba kwa nyumba, waliyoicheza zamani wakiteremka bondeni kuchota maji, jana kijiji kizima kiliicheza uwanja wa shule. Wanawake walivaa makoti ya mitumba juu ya khanga kwa baridi. Kila mmoja huingia mstarini akimshika dada yake bega. Mimi niliyewaita wote nikabaki pembeni.

Mama Salome, anayeiongoza ngoma, akaniuliza, “Mwanangu, dada yako yuko wapi?”

“Yuko Tanga, mama.”

“Basi ingia. Wa mbele yako atamwachia nafasi.”

Yule wa mbele akasogea kweli, nami nikacheza mkono umenyooka, bega hakuna. Machozi yakanitoka, nikajifuta kwa khanga kama mwenye jasho, na baridi yote ile.

Watu wa huku wananipenda, dada, ila hakuna anayeniita “mdogo wangu”. Wabusu watoto. Mungu akutunze mpaka nije uniite.

Rehema