Viswichi Nilivyovishusha

Gare, Jumatatu

Mwanangu Aron,

Baba yako mzima, bibi anakohoa kidogo tu, mdogo wako Beatha anasema shikamoo.

Taa ulizofunga kanisani zimekorofisha. Ukiwasha moja, zinawaka zote. Twaha fundi redio kazitazama, kasema, "Fundi gani huyu, kazipa zote namba ile ile!" Wazee wanataka kazi ya Krismasi apewe mwingine.

Mwanangu, ni mimi. Siku ya zamu yetu akina mama kufuta vumbi, nilikuta nyuma ya kila taa viswichi vidogo, vingine juu, vingine chini. Nikaona ovyo, nikavishusha vyote vilingane. Kumbe ndivyo vinavyoipa kila taa namba yake ya kuwashiwa.

Niandikie kila taa vipi viwe juu, vipi viwe chini. Jumapili nitasimama niseme mwenyewe. Jibu upesi, nisije nikaogopa.

Mama yako,
Secilia