Kwa Jedidah Gatakaa, Kuhusu Ile Katoni ya Mahindi ya Jivu

Mwaka umezunguka, Gatakaa, tangu asubuhi ile ya Mei ulipotuacha pale hospitalini Embu, chai yako ikiwa bado inatoa mvuke. Mvua imerudi. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini na hakuna mtu wa kuyasemesha.

Kaka yako Kiunga bado anakuja, na akija hakai. Anafika Jumanne, anakunywa chai, Alhamisi ameshika njia ya Isiolo. Wewe ulikuwa unamwambia, "Mzee wa barabara, hata kuku hukaa akataga." Siku hizi hakuna wa kumtania. Anaketi kwenye benchi la jikoni, upande mmoja tu, kama vile upande ule mwingine una mtu.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiingia kwa watu. Wengine husalimia kwanza. Wewe ulisalimia mkono ukiwa tayari ndani ya gunia. Unachota mahindi, unayanusa, unauma punje moja, halafu, "Haya yalikaukia wapi?" Mwenye nyumba hata hajasema karibu. Mama yenu alikuwa akiona haya mpaka anajifunika leso. "Nilisomesha mtoto awe daktari," alisema, "sasa amekuwa panya."

Kazi yako ilikuwa ile kuvu inayoota kwenye nafaka, na sumu yake, sumukuvu. Uliifuata kama mtu anayefuata mwizi: kutoka ghalani hadi kwa ng'ombe, kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye maziwa, kutoka kwenye maziwa hadi kwenye ini la mtoto. Asubuhi uko shambani na watu wa mimea, mchana uko wodini na watu wa madawa. Watu wa mimea walisema wewe ni wao, watu wa hospitali wakasema wewe ni wao, na sisi wa nyumbani tukasema hatukuoni. Lakini wagonjwa wa ini walikuona. Uliwapelekea uji wa wimbi kwenye ile chupa yako nyekundu, na hukuwahi kuandika hilo popote.

Miezi miwili iliyopita tulikaa kuandaa tangazo hili la kumbukumbu. Tulitaka liwe fupi: picha, digrii zako, basi. Sheila, kitinda mimba wako, akafungua simu akatuonyesha kitu. Kumbe mahali popote duniani msomi akiandika na kutaja kazi yako, inahesabiwa mara moja. Umetajwa mara elfu moja mia mbili na sita. Mumeo Njagi akataka namba hiyo ikae juu kabisa, chini ya picha, kwa herufi nene.

Kiunga alifurahi kuliko sisi wote. Huyu mtu alisoma mwaka mmoja Kianjai, mwaka mmoja Maua, miezi sita Isiolo, na kila shule ilimwachisha kabla hajajua choo kiko wapi. Kwake kutajwa ni kusifiwa.

"Na ni kazi gani hiyo imetajwa zaidi?" akauliza.

"Ni ile ya jivu, Anko. Mara mia tatu themanini na nane."

"Ya jivu!" Akaweka kikombe chini. "Wanasemaje juu yake?"

Sheila akabana mdomo. Unajua anavyoubana, ule mdomo kama wako. "Anko, si vile unafikiria. Wengi wanaitaja kuonyesha mahali mtu anaweza kukosea."

"Lakini alisahihisha! Si aliandika nyingine akasema amekosea?"

"Aliandika. Hiyo imetajwa mara kumi na moja."

Hapo Kiunga akavua kofia. Tulidhani anaomba. Kumbe anatafuta pa kuanzia, na alipopapata alituambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa ameuliza.

Miaka kumi na mmoja iliyopita ulimtuma Kianjai akuletee mahindi kutoka kwa nyumba ulizokuwa umezitembelea. Katoni mbili. Ya kwanza, mahindi yaliyowekwa hivihivi. Ya pili, mahindi yaliyochanganywa na jivu kama walivyofanya bibi zetu, maana ulitaka kujua kama jivu huzuia ile sumu. Kila mfuko wa khaki ulikuwa na namba uliyoiandika mwenyewe. Ukamwambia, "Kianjai, Meru, Embu. Usipite kwingine."

Alisikia. Lakini barabarani akakutana na Burale, yule rafiki yake wa lori, aliyezunguka naye Marsabit na Moyale miaka ishirini. "Panda twende Kangeta," Burale akasema, "jioni nakushusha Meru. Au siku hizi umekuwa mfungwa wa dada yako?" Kiunga hajawahi kuona lori likielekea mahali akalikatalia. Wakaenda Kangeta. Mvua ikawapata huko, turubai likafunuka, na ile katoni ya jivu, iliyokuwa pembeni, ikalowa yote. Mifuko ikawa kama ugali.

Aliona aibu kurudi kwako mikono mitupu. Akaingia sokoni akachagua mahindi meupe, makavu, safi, punje kwa punje. Akaomba jivu kwa mama wa hoteli, akachanganya. Akanunua mifuko ya khaki, akaandika namba zilezile kwa mkono wake, polepole, ulimi nje.

Burale alicheka mpaka akashika usukani. "Kiunga, mahindi ni mahindi. Kwani dada yako ataonja?"

"Huyo huonja," Kiunga akajibu. "Ndiyo maana nimemtafutia mazuri."

Akakuletea. Ulipima. Katoni ya kwanza ilikuwa na sumu, ya jivu haikuwa na kitu. Kwa hiyo ukaandika kwamba jivu linasaidia, na dunia ikasoma, na redio ikatangaza, na akina mama wa Kianjai wakala mahindi yenye kuvu wakiamini jivu limeyasafisha.

Baada ya miaka miwili ulirudia kazi ile kule Mbeere, ukachukua mahindi kwa mkono wako mwenyewe. Jivu halikufanya lolote. Ukakagua mashine, ukakagua dawa za maabara, ukakagua daftari zako zote. Halafu Jumapili moja ukaketi naye kwenye benchi la jikoni ukamuuliza, bila hasira, "Kiunga, ile katoni ya jivu ilinyeshewa?"

Alikuwa anakoroga chai. "Hapana," akasema.

Ulimwangalia mpaka chai ikapoa. Ndipo ukasema, "Basi kosa ni langu." Ukaenda ukaliandika hivyo, kwa jina lako, mbele ya dunia nzima.

Na hukuandika tu. Ulizunguka Kianjai nyumba kwa nyumba. Tunakumbuka ulivyorudi ukatusimulia juu ya Bibi Winrose, yule mama wa mlango wa kijani, alivyokupokea kwa sauti ya soko zima: "Daktari wa Jivu amekuja! Leo umetuletea nini, mkaa?" Watu wakacheka, nawe ukacheka nao, kisha ukaketi ukawaeleza mwanzo hadi mwisho. Jina la Daktari wa Jivu likakushika. Kiunga alilisikia sokoni mara nyingi. Alikuwa akishusha kofia na kupita.

Kama kuna mtoto aliyeumia katika miaka ile miwili, hatujui. Wewe pia hukujua, na hilo ulilibeba. Kumbe kuna mwingine aliyelibeba akizunguka nalo, Isiolo, Laisamis, Moyale, akidhani barabara ikiwa ndefu mzigo hupungua.

Alipomaliza kusema, Sheila alikuwa analia. Ilikuwa zamu ya Njagi kutushangaza. Akasema, "Alijua."

"Nani?"

"Jedidah. Alipokuwa anakagua daftari aliitazama tena ile mifuko, ile hati ya namba haikuwa yake, na alikumbuka mvua ya wiki ile. Nikamwambia, mtaje basi aliyebeba, usife na kosa la mtu. Akaniambia, 'Nikimtaja, atakwenda na hatarudi tena. Na huyo hana mahali pengine pa kurudi, ni hapa tu.'"

Kiunga akavaa kofia yake. Alitoka akasimama kwenye mahindi.

Huko ndiko alikoelewa mambo mengine. Kwamba baada ya Jumapili ile hukumtuma tena peke yake. Mlikwenda pamoja, katoni mapajani mwako, midomo ya mifuko umeishona kwa uzi mwekundu. Ulisema unataka mtu wa kuongea naye njiani, na yeye alijiona ameheshimiwa. Miaka yote ile ulikuwa unamlinda, na ulikuwa unamchunga, na mazungumzo pia ulikuwa unayataka. Mliongea juu ya punda, juu ya mama yenu, juu ya vile Burale anavyoimba vibaya. Mara nyingi katikati ya maneno ulinyamaza ukamwangalia. Sasa anajua ulikuwa unampa nafasi. Hakuichukua hata mara moja.

Wiki iliyofuata alikwenda Kianjai kwa miguu kutoka barabara kuu, akapita nyumba zilezile. Nyingine zina watu wapya. Kila penye mtu alisema, "Aliyekosea juu ya jivu si Gatakaa. Ni mimi." Wengine walimpa chai, wengine hawakukumbuka jivu lolote. Bibi Winrose alikumbuka. Sasa anatembelea fimbo, lakini mdomo ni uleule.

"Wewe mzee, umetembea kote huko kuja kuniambia mimi?" akasema. "Mimi nilimcheka tu, na alinisamehe papo hapo, akanusa mahindi yangu. Uliyemdanganya ni yeye. Enda umwambie yeye."

"Si amekufa, Bibi."

"Kwani amekuwa kiziwi?"

Ndiyo maana tangazo hili si fupi tena. Njagi ameondoa ile namba chini ya picha. Amesema haina haja, wanaohesabu wataendelea kuhesabu. Kiunga alisema maneno yake, Sheila akayaandika kwa Kiingereza, wakaipeleka barua kwa wale waliochapisha kazi yako na kwa chuo chako. Ndani yake jina la mchukuzi limeandikwa lote, na Kangeta, na mvua, na mahindi ya soko. Imetimia wiki ya tano na hawajajibu. Sheila anasema huenda wakaweka mistari miwili mahali fulani, na mistari hiyo huenda isimtaje mtu hata mmoja. Iwe hivyo. Akina mama wa Kianjai wamesikia, na hao ndio uliowaendea kwanza.

Nyumba ni kubwa bila wewe. Gunia likifunguliwa hapa, sote tunangoja mkono uingie, na hauingii. Uji wa wimbi tunapika mwingi kupita kiasi, hatujajifunza kipimo cha watu waliobaki.

Wanaokukumbuka ni mumeo Njagi. Wanao Ednah, Riungu na Sheila. Wifi zako na shemeji zako wote wa Embu. Majirani wa Kianjai, na Bibi Winrose ambaye amesema jina lake lisiachwe. Na Burale, ambaye anasema angeendesha moja kwa moja hadi Meru kama angejua.

Na kaka yako Kiunga, ambaye wiki hii ya kumbukumbu hajaenda popote. Ameketi kwenye benchi la jikoni, upande wake, na hili ndilo jibu lake: Ndiyo, Gatakaa. Ilinyeshewa.

Hatutakusahau, siku zote za maisha yetu.